Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati iwape cha kusoma kila Ijumaa kwa zamu: muziki, tabianchi, mambo ya mtandaoni, kisha tunaanza upya. Tumetimiza, isipokuwa wiki mbili. Moja katibu alifiwa. Nyingine ni ya Mei, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12. Makala iliyokuwa zamu yake, msinicheke, ilieleza namna intaneti inavyotufikia kwa njia ya bahari.

Muziki haukutusumbua. Tulisoma habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri za kampuni ya HMV. Wiki mbili baadaye, kwenye zamu ya mtandaoni, tukamsoma Kili Paul, kijana wa Kimasai aliyejulikana India nzima kwa kufuatisha midomo nyimbo za Kihindi, hata Waziri Mkuu Modi akamtaja redioni Februari 2022. Mjadala ukawaka. Wazee walisema Siti alipeleka sauti yake, huyu amepeleka midomo tu. Vijana wakajibu kwamba taarabu nayo imekula sana kwenye chungu cha Wahindi. Mimi niko na vijana, ingawa umri wangu hauniruhusu kulisema kwa sauti.

Tabianchi mliikimbia, na kosa ni la kamati. Tuliwaletea barafu ya Kilimanjaro, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha. Ni kweli, na ni jambo zito, lakini mtu wa Mbagala ameisoma kama habari ya msiba wa mbali.

Kilichotuokoa ni mpingo. Makala ilieleza kwamba klarineti na oboe, ala za kupuliza za Ulaya, huchongwa kwa mti huu wa kwetu, unaochukua miaka 70 au zaidi kufaa kuvunwa, na kwamba misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, wanakijiji wakaanza kuuza magogo yao wenyewe kwa bei ya maana. Mwenzetu mwenye asili ya Lindi akadakia na habari za Kimbunga Hidaya, mvua zilipoikata barabara ya kusini pale Somanga, yeye akiwa ndani ya basi. Hatukuondoka mpaka saa mbili usiku. Muziki, msitu na mvua vilikaa meza moja, na hakuna aliyeuliza ilikuwa zamu ya nini.

Kwa hiyo kamati inapendekeza zamu zifutwe. Kuanzia Januari tuchague kwanza mahali au kitu, kama tulivyofanya kwa mpingo, makala zifuate.

Ugumu uliobaki ni lugha. Makala nyingi za tabianchi tunazipata kwa Kiingereza, na wanaozitafsiri usiku kucha hawajalipwa hata pesa ya bando. Tunaomba ada iongezwe kidogo, ilipie bando lao na kopi za wenye simu za vitochi. Mtunza hazina atawasomea hesabu baada yangu.

Nafasi mbili za wafasiri ziko wazi. Majina yamfikie katibu kabla ya Januari 10.

Mwenyekiti