Barua kwa binti wa kaka yangu: mpiga picha asikatwe

Mwanangu,

Nimesikia kamati ya harusi yako imekaa, michango ikaonekana haitoshi, na wa kwanza kukatwa akawa mpiga picha. Mjumbe mmoja akasema siku hizi kila mtu ana simu nzuri. Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno hayo yanasemwa kwenye kamati nyingi, na kwa sababu mimi shangazi yako ndiye nitakayepamba ukumbi.

Maua hayangoji mtu. Waridi ninalolifuata Usa River, hapa karibu na Arusha, hukatwa likiwa limefumba na kutunzwa kwenye ubaridi. Likishaingia ukumbini, kwenye joto la watu na taa, hasa lile linalofungwa nyuma ya kiti bila maji, usiku wa manane huwa limeshainama. Alfajiri vijana wangu wanang'oa kila kitu kwa sababu ukumbi una harusi nyingine. Kazi yangu inabaki kwenye picha au haibaki popote, na mteja mpya akija dukani kitu cha kwanza anachosema ni, "Nionyeshe ulizopamba."

Simu hupiga picha vizuri mchana. Lakini maharusi wetu hapa Arusha wanaingia ukumbini saa moja, saa mbili usiku, na DJ ameshawasha taa zake za bluu. Chini ya taa hizo waridi jekundu linaonekana jeusi, jeupe linageuka bluu, na gauni lako la rangi ya maziwa hakuna atakayelijua. Mpiga picha mwenye ujuzi huomba taa hizo zizimwe kidogo. Flashi haielekezi usoni kwa mtu, huielekeza darini, mwanga ushuke taratibu, na ua jeupe libaki na mikunjo yake badala ya kuwa doa tupu.

Unaikumbuka picha ya bibi yako wa Tanga, ile ya studio, nyeusi na nyeupe? Kifuani amebana kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Nimeitazama kwa lenzi ya kukuzia: matumba ya asumini yametungwa kwa kubanana, majani ya mrehani yamechungulia pembeni. Bibi hayupo wa kunielekeza, lakini fundi yule wa studio aliipiga kwa makini kiasi kwamba nitaweza kukutengenezea kikuba kama chake uvae usiku wa sendofu, sherehe ya kukuaga. Nilipoliona hilo nililia, mwanangu.

Kwa hiyo mtafuteni mtu wa kazi, na mkimpata muombeni aje ukumbini nusu saa kabla milango haijafunguliwa, meza zikiwa hazijaguswa. Shada lako alipige mkononi mwako kabla hujampa msimamizi alishike. Na msichelewe bustanini. Jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu na giza haliombi ruhusa, hivyo saa kumi na moja muwe mmeshafika.

Jambo la mkataba msiliache kwa mdomo. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Andikeni kwamba mpambaji anaruhusiwa kutumia picha za maua huku akimtaja aliyezipiga, na andikeni pia ni zipi zenye sura zenu ambazo hazitakiwi kutoka nje ya familia. Hilo la pili ni lako na mwenzako kuamua, si langu wala la kamati.

Kama lazima pesa ipungue, ipunguzeni kwangu. Toeni maua ya nyuma ya viti, wageni huyaegemea tu. Mniachie meza kuu, njia ya kuingilia na shada.

Mwambie katibu anitumie namba ya mpiga picha mkishakubaliana naye. Nitampigia mwenyewe tupange saa.

Shangazi yako