Barua ya wazi kwa vijana wa kundi letu la vitabu: toeni nailoni kwanza

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu nyingi. Nimekuwa kimya kundini tangu ule ubishi wa Sokoine, hata mmoja wenu akanipigia kuuliza kama bibi anaumwa. Siumwi. Nimekasirika.

Mlikesha mnabishana kuhusu ajali ya gari ya Dakawa, Morogoro, ya tarehe 12 Aprili 1984, iliyomuua Waziri Mkuu Sokoine. Huyu anaapa, yule anatukana, wa tatu analeta sauti iliyotoka kundi jingine, haijulikani aliyeisema wala ilikorekodiwa. Wasifu wa Edward Moringe Sokoine ulizinduliwa Septemba 2024, na baadhi yenu mlipiga nao picha mkaziweka kwenye simu zenu. Usiku ule wote sikumwona aliyesema, "Hebu tuone kitabu kinasemaje." Nakala moja nimeikuta kwa macho yangu nyumbani kwa mwenyewe. Bado imo ndani ya nailoni, kibandiko cha bei hakijabanduliwa, na juu yake kumetuliwa kikombe cha chai.

Mkutubi mstaafu akiona hivyo moyo unamuuma, nisiwafiche.

Halafu likaja lile la muhtasari. Kijana wetu, tena mwerevu, aliiagiza akili mnemba imfupishie *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*, kumbukumbu za Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi, akatubandikia majibu yamepangwa vizuri mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza unasema Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Unguja. Mkashukuru, mkabonyeza dole gumba, mkaendelea na mengine. Mzee Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, Mkoa wa Pwani, mwaka 1925, akavushwa bahari angali mtoto kwenda kusoma Unguja. Mnaona ni kosa dogo? Huyo ndiye mtoto wa Bara aliyekuja kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano. Ukiifuta Mkuranga, nusu ya maisha yake haina maana tena.

Muhtasari huohuo ulisema pia: "Alijiuzulu uwaziri." Basi, maneno mawili, nukta. Alijiuzulu kwa sababu gani? Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kanda ya Ziwa kulikuwa na msako wa waliotuhumiwa kwa mauaji ya imani za kichawi, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini wizara ilikuwa yake, akaachia ngazi, kisha akapelekwa Misri kuwa balozi. Kwa kizazi chenu, ambacho kikisikia mkubwa kaboronga kinategemea kuundwa kwa tume na baada ya hapo kimya, hizo ndizo kurasa za kusoma polepole, mkirudia. Nyinyi mmezipata kwa maneno mawili! Mtu mwenye umri wa miaka tisini na kitu anakaa chini kusimulia maisha yake, tena kwa Kiswahili, nyinyi mnaona taabu kumsikiliza mpaka mwisho?

Najua mtasema bei. Ni kweli, vitabu ni ghali, na wengi wenu mnaishi kwa vibarua. Sina neno na asiyekuwa nacho. Kwangu rafu iko wazi, mnajua. Ugomvi wangu ni na anayeweza kununua kitabu lakini hawezi kukifungua, na pia na wakubwa wetu. Uzinduzi unafanyiwa ukumbi wa kiyoyozi, wageni waalikwa wanaondoka na nakala za bure, na maktaba ya wilaya haipati hata moja. Nilifanya kazi maktaba muda mrefu. Nyuma ya kila kitabu tulibandika karatasi ya kugonga tarehe ya kurudisha, na ile karatasi ndiyo iliyokuwa ikituambia kitabu kinapendwa au kinakula vumbi. Msinunue tu, nendeni mkaulize, mkiandikishe kitabu kinachotakiwa, muwasumbue.

Sasa, mliomba orodha ya masika haya, nami sikuja kugomba tu.

Msisome kumbukumbu za mkubwa peke yake. Mtu akijieleza lazima ajipendelee, hata akiwa mwema. Baada ya Mzee Mwinyi chukueni ule wasifu wa Mwalimu Nyerere, *Development as Rebellion*, ulioandikwa na Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji mwaka 2020. Ni juzuu tatu, zaidi ya kurasa elfu moja, msitishike. Anzeni na ya tatu, ya Shivji. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubali masharti ya mkopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alikuwa amelikataa. Mzee Rukhsa anaueleza wakati ule kama mtu aliyekuta maduka matupu. Shivji anautazama kama mtu anayeuliza nani alilipia kujaa kwa maduka hayo. Mimi niliyepanga foleni ya sukari na sabuni naona kila mmoja ana lake, na nawaachia wenyewe muamue.

Ongezeni *My Life, My Purpose* cha Mzee Mkapa, Rais aliyemfuata Mwinyi, cha 2019, hasa anapofika kwenye mauaji ya waandamanaji Pemba ya Januari 2001.

Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, naye ametoa *Slow Poison* mwaka 2025, kuhusu Idi Amin na Museveni. Mamdani mwenyewe alifukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Someni kabla hamjaanza tena kubishana kuhusu Vita vya Kagera, vile vya sisi na Amin. Chukueni pia cha Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu lugha, cha 2025, mwaka aliofariki. Na kwa mwenye haraka, *Wasifu wa Siti binti Saad*, yule mwimbaji wa taarab, wa Shaaban Robert: si kipya, lakini ni chembamba na hakijachuja.

Wasichana, hili ni lenu. Hebu hesabuni majina ya wanawake katika orodha hii. Bibi Titi Mohamed alizunguka nchi nzima kuijenga TANU, chama kilichopigania uhuru, baadaye akafungwa kwa kesi ya uhaini, akafariki mwaka 2000 bila kutuachia kitabu cha mkono wake. Tuliyo nayo mengi aliyasimulia kwa Susan Geiger, Mmarekani aliyekuja kumhoji miaka ya themanini. Bibi Titi akasema kwa Kiswahili, kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1997. Mgeni alivuka bahari kuja kumuuliza, sisi tulikuwa tunapishana naye Dar es Salaam! Mna bibi zenu, mna simu zenye vinasa sauti. Nani kati yenu ameshamkalisha bibi yake akamuuliza mwaka 1961 alikuwa wapi?

Nitakuwa nyumbani kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. *Mzee Rukhsa* ipo, juzuu ya tatu ya Nyerere ipo. Cha Mkapa kimeazimwa na aliyekiazima anajijua. Jina linaandikwa daftarini, wiki mbili, na kurasa hazikunjwi masikio. Atakayetaka kuurudia ubishi wa Sokoine aje na namba ya ukurasa.

Bibi yenu,
Mkutubi mstaafu, Tanga