Kaka, mchele wako wa Kyela uliingia fukusi

Kaka yangu,

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei. Meseji unazisoma, naona zile tiki mbili za bluu, halafu kimya. Wifi ndiye aliyeniambia kwamba haya ninayoandika hapa unayasoma yote, usiku, watoto wakishalala. Basi soma na hii.

Kwanza salamu za mama. Jicho la kulia linaona vizuri, tena vizuri mno, maana ameanza kunionyesha utando wa buibui kwenye dari yangu. La kushoto presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza kabla hatujafika India. Na ahsante kwa laki nane. Ziliingia saa nne usiku: jina lako, kiasi, salio jipya, basi. Mama alitaka nimsomee mara ya pili. Alidhani kuna maneno nimeyaruka.

Sasa nikueleze habari ya Madurai, mji ule wa India tulikotibiwa, kwa sababu tangu turudi sijapata mtu wa kumweleza, na mtu mwenyewe ni wewe.

Najua utasema tulikwenda kutibiwa tukaishia kuangalia masanamu. Hatukuyafuata, yalitukuta. Ukiambiwa urudi kliniki kila baada ya siku nne, na mwezi ni Aprili, na mji ni Madurai, hakuna pa kujificha. Ngoma zinaanza kabla ya alfajiri. Joto lile linakufanya uikumbuke Tanga ya Januari kama sehemu ya baridi. Tulipanga chumba kwa mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Akka, dada mkubwa, nasi tukamwita hivyo. Mimi aliniita tangachi, dada mdogo. Nikamwambia huko Tanga ndiko kwetu hasa, akacheka bila kuelewa. Wewe uliyekulia barabara ya kumi na tano ungeupenda ule mji. Mitaa yake inalizunguka hekalu la mungu wao wa kike, Meenakshi, mraba ndani ya mraba, na badala ya namba imepewa majina ya miezi: Aadi, Chithirai, Masi.

Chithirai ndiyo sikukuu yenyewe. Akka alinisimulia huku tunamenya vile vitunguu vyao vidogo kama njugu, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na changu cha kuokoteza.

Meenakshi alikuwa binti wa mfalme wa Pandya, ukoo uliotawala Madurai zamani. Baba alipofariki hakuna aliyeuliza mtoto wa kiume yuko wapi, alikikalia kiti mwenyewe. Siku ya nane ya sikukuu wanamvika taji, na shada lake ni maua ya mwarobaini, mwarobaini huu huu mama aliokuwa akituchemshia tukishikwa na homa. Siku ya kumi anaolewa na mungu Shiva. Sasa kwenye ndoa hiyo, wa kumtoa bibi arusi ni kaka yake, mungu Vishnu. Ndani ya hekalu kuna sanamu ya mawe inayoonyesha kaka mtu kamshika dada yake mkono, anaukabidhi kwa mume. Picha yake Akka alikuwa nayo kwenye kalenda ya ukutani, juu ya friji. Kila nikienda kuchukua maji ya mama nilikuwa nakutana na mkono ule.

Siku ya arusi hatukwenda hekaluni, mama asingeweza msongamano. Akka aliwasha televisheni, akakaa chini na bakuli la manjano na uzi mpya. Huko mwanamke aliyeolewa huvaa shingoni uzi uliopakwa manjano wenye kidani cha dhahabu, na ile dakika Meenakshi anapofungwa wa kwake, wanawake wa mji mzima wanabadilisha wa kwao. Akka alifunga mpya kwanza, akauvuta kuhakikisha umekaza, ndipo akautoa wa zamani. Shingo haikukaa tupu hata nukta moja. Mumewe alikuwa pembeni anasoma gazeti. Hekaluni watu walikuwa kwenye foleni wanatoa moi, ile pesa ya kuwatunza maharusi, utafikiri ni arusi ya jirani.

Nikauliza, kaka mtu ndiye yupi hapo? Akka akanionyesha. Lakini yule, akasema, ni Vishnu wa Thirupparankundram, hekalu la jirani hapo, ndiye anayesimama badala. Vishnu wa mlimani, anayengojwa na watu wote, wanamwita Azhagar, bado yuko njiani.

Basi nikajua hadithi hii haitaniacha salama.

Azhagar, maana yake mtanashati, anatoka Alagar Koil, kama kilomita 20 kutoka mjini. Anaondoka amevalishwa mavazi ya Wakallar, watu wa vijiji vile, na fimbo yao mkononi, na masanduku ya sadaka yanamfuata nyuma. Tatizo ni njia. Kuna mamia ya vibanda vya kupumzikia, na kila kibanda kina watu waliomngoja mwaka mzima. Hawezi kupita bila kusimama. Wanatoka na vyungu vya shaba vilivyojazwa sukari, juu ya sukari taa inawaka, wanamwinulia. Anasimama hapa, anasimama pale. Anafika mtoni Vaigai, ng'ambo ndiyo Madurai, anaambiwa dada yako ameshaolewa. Siku mbili zimepita.

"Kwa hiyo hawakumngoja?" nikauliza.

Akka aliniangalia kama nimeuliza kwa nini jua halikungoja. Saa ya ndoa, akasema, haingoji mtu.

Unaona, kaka? Si mimi niliyesema.

Nikaah yangu iliwekwa baada ya Alasiri. Ulijua tangu mfungo. Sikatai kwamba lori lilikuwa limelala Kitonga na magari yakakaa mpaka usiku mkubwa. Sikatai kwamba ulishuka Chalinze na ukangoja gari la Tanga juani. Lakini sisi tungejuaje, na simu yako imekata chaji? Joho la marehemu baba lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa kwenye mlango wa kabati, linakungoja wewe. Sheikh alikuwa na nikaah nyingine Pongwe. Pilau ilikuwa imeshaepuliwa. Ami akalivaa joho, likamwishia juu ya kifundo cha mkono, akasimama walii wangu badala yako.

Na ruhusa uliitoa mwenyewe. Jumatano ile, simu ikiwa kwenye spika, nami nipo, ulimwambia: "Ikibidi, ami, simama wewe." Nimeyabeba maneno hayo miaka 13 kama wakili na faili lake. Wewe unasema ulikusudia ukipatwa na ajali, siyo kuchelewa saa mbili. Neno ni ikibidi, kaka. Halina saa ndani yake. Nimewauliza masheikh wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wote wamesema ndoa ni sahihi. Mniwie radhi mnaosoma, haya ni ya nyumbani, lakini nikiyakata hapa sitayasema tena.

Halafu si hilo linaloniamsha usiku. Ni dirisha.

Nilikuwa chumbani na somo, piko haijakauka, mikono nimeinyoosha mbele kama anayesukuma mkokoteni. Pikipiki ikasimama nje, dereva hakuzima. Ukashuka na gunia. Ukamwuliza kitu mtoto wa jirani, akanyoosha kidole ndani kwenye vigelegele. Ukasimama. Halafu ukalibeba lile gunia peke yako mpaka ukutani, ukaliegemeza taratibu lisianguke, kana kwamba lingelala pale na lingeamka, ukafuta mikono kwenye suruali. Ukapanda. Vumbi lako la Kitonga lilikuwa bado mgongoni mwa shati.

Somo aliniambia bibi arusi haangalii dirishani. Nikageuza uso.

Ule mchele mama alikataa upikwe. "Mwenyewe atakuja, ndipo tutapika." Ulikaa stoo mpaka Ramadhani, ukaingia fukusi, nikawamwagia kuku, na harufu ya mchele wa Kyela ilijaa uani siku nzima, kuku wanakula wali wa arusi yangu. Ulitaka tufanye nini? Hukuja Idd ile wala iliyofuata. Msiba wa ami ulikuja, ukakaa jamvini upande wa wanaume, ukaondoka kabla ya hitima.

Siku ya Azhagar tuliamka saa tisa usiku. Akka hakutaka tushuke mtoni, alituambia mwaka 2022, mara ya kwanza watu kuruhusiwa baada ya korona, walikanyagana pale na wawili wakafa. Daktari naye alikataza maji yasimguse mama jichoni, na siku hiyo ni ya maji: wanaume wanavaa kofia ndefu za rangi na mifuko ya ngozi ya mbuzi, wanamrushia Azhagar maji apoe na safari. Tukapanda juu ya paa la ndugu wa Akka, upande wa Goripalayam, karibu na daraja la zamani. Goripalayam ni kwa Waislamu, kuna dargah pale, yaani ziara ya mawalii, na msafara wa Azhagar unapita hapo hapo. Adhana ya Alfajiri ilitukuta juu. Mama akasali juu ya paa, amevaa miwani myeusi ya hospitali, na chini watu wanamwita Azhagar kwa jina lake jingine, "Govinda! Govinda!" Alipotoa salamu akaniambia, haya, sasa nisogeze mbele nione.

Mto wenyewe ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Serikali inafungulia maji ya bwawa huko juu ili mgeni apate pa kukanyaga. Watu walikuwa wamejaa mpaka mchanga hauonekani, wengine vichwa vimetoka kunyolewa, vimepakwa msandali. Kisha ikaja dhahabu. Farasi wa dhahabu mabegani mwa watu, anayumba, anapanda, anashuka, na yeye juu yake kavaa hariri. Hariri hiyo kuhani huichomoa sandukuni bila kuangalia. Ikiwa ya kijani mwaka utakuwa wa mavuno, ikiwa nyekundu watu wanaguna. Mwaka ule ilikuwa ya kijani. Mama akasema, "Naona kijani." Alikuwa hajaona rangi kwa mbali vile miaka mitatu. Nililia, na sijui nililia kwa lipi.

Akaingia majini, akazungushwa, akaondoka. Hakuvuka kwenda kwa dada yake. Amekasirika, Akka akasema, anakwenda kulala Vandiyur, na huko wanasema ana mke Mwislamu. Mama akacheka mpaka nikaogopa atadhuru jicho. Akacheka, kisha akauliza:

"Na huyo dada mtu yuko wapi?"

Nikamfasiria Akka. Akajibu, ndani, na mumewe.

"Hata dirishani hakutoka?"

Hilo sikulifasiri.

Nimesoma habari zao tangu tulipofika nyumbani, ndivyo ninavyolala siku hizi. Wanasema aliyeziunganisha sikukuu hizi mbili ni Tirumalai Nayak, mfalme wa Madurai tangu 1623 hadi 1659. Zamani arusi ilikuwa mwezi wa Masi, na Azhagar alikuwa akienda zake kijiji kingine, Thenur. Mfalme akaisogeza arusi ikaja Chithirai, watu wa Shiva na wa Vishnu wakutane. Lakini hakuziweka siku moja. Aliacha pengo katikati, na pengo hilo ndilo watu wakalijaza hasira ya kaka. Makuhani wake Azhagar wao wanasema hakuwa amekuja kwa arusi kabisa, alikuja kumfungua mtawa aliyelaaniwa akawa chura. Nikafikiri, labda nawe hukukasirika vile nilivyosimulia miaka yote. Labda ulikuwa umechoka tu, una vumbi, umeona joho la baba mwilini mwa mtu mwingine kupitia mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Hilo nalijua.

Ila mwenzio anarudi. Karibu miaka 400 anachelewa arusi ile ile, na kila mwaka anatoka tena na farasi wake. Wewe umechelewa mara moja.

Wifi ameniambia mwanangu ameposwa. Mtoto yule aliyekuwa na mapengo! Mimi ni shangazi yake na nimesikia kwa kunong'onezwa jikoni. Basi nisikilize katika hili, hata kama mengine utayatupa. Nikaah usiiweke baada ya Alasiri, iweke baada ya Ishaa, anayetoka mbali apate pa kupumulia. Sheikh mchukue asiye na ndoa nyingine siku hiyo. Ukikasimu, sema kwa maneno kamili: kama sijafika saa fulani. Usiseme ikibidi. Maana watu watakaa na sheikh ametazama saa na wapishi wamesimama na bibi arusi hana sauti, anaambiwa tu imeshakuwa, wala hajaulizwa tungoje au tusingoje. Mimi sikuulizwa, kaka. Ningeulizwa ningesema tungoje. Nadhani ningesema.

Kadi hujanitumia. Tunakuja Jumatano na basi la alfajiri, siku mbili kabla, nimeshalipia. Mchele siwezi kuuleta huko utokako, nitaleta machungwa ya Muheza. Mama yeye anataka siti ya dirishani, upande wa kulia.