Mary Robinson hakuanzia Ikulu

Mhariri, shikamoo kama ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo wangu basi habari za kazi.

Nimesoma makala yenu ya wanawake waliowahi kuwa marais, ni nzuri sikatai, ila pale kwa Mary Robinson wa Ayalandi mmenikata stimu kabisa. Mmeandika rais wa kwanza mwanamke 1990, sawa, mkuu wa haki za binadamu Umoja wa Mataifa kuanzia 1997, sawa, mjumbe wa Maziwa Makuu 2013, sawa. Alafu miaka 20 yote aliyokaa seneti, 1969 hadi 1989, mkaimaliza kwa mstari mmoja eti alikuwa seneta ambaye miswada yake haikupita. Aisee. Hiyo miaka 20 ndo kazi yenyewe, huko kwingine alienda kuvuna tu.

Haikupita ni kweli. Ila mngejiuliza ilikuwaje isipite na baada ya hapo kikatokea nini.

Kwanza watu wajue hiyo seneti yao, Seanad, haina meno. Ina watu 60, wengi wanachaguliwa na madiwani na wabunge wenyewe kwa wenyewe, 11 wanateuliwa na waziri mkuu, na enzi hizo 6 walikuwa wanachaguliwa na waliomaliza vyuo vikuu, 3 kati yao ni wa Trinity College ya Dublin. Sheria ikitoka bunge la chini hawawezi kuizuia, wanaichelewesha siku 90 basi. Sasa mwaka 1969 huyu dada ana miaka 25, anafundisha sheria hapo hapo Trinity, akahoji kwanini viti vya chuo kila siku vinakaliwa na maprofesa wazee wa kiume, akagombea na akapata. Na tena ni Mkatoliki wa Ballina, kule Mayo, baba daktari na mama daktari, na zama hizo Mkatoliki kusoma Trinity ilibidi aombewe ruhusa kwa askofu mkuu! Yani chuo cha mjini kwenu unaombewa ruhusa kama unaenda Hija.

Sasa njoo 1971. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1935 inayokataza kuuza na kuingiza nchini vifaa vya uzazi wa mpango, kuvitumia haikuwa kosa, ila utavipata wapi kama haviuzwi na haviingii? Vidonge vilikuwepo lakini daktari anakuandikia kwamba ni vya kurekebisha siku zako. Kwa hiyo mke wa mtu mwenye uwezo anayejuana na daktari mzuri, mambo yake safi, na yule wa mtaa wa hali ya chini ambaye keshazaa na amechoka, huyo aendelee kuzaa. Robinson na maseneta wenzie wawili, John Horgan na Trevor West, wakaandaa mswada wa kuirekebisha hiyo sheria. Hoja yao ilikuwa ya kawaida kabisa, kwamba dhambi ni suala la mtu na kanisa lake na jinai ni suala la serikali, hivyo vitu viwili visichanganywe, na kwamba nchi ina Waprotestanti pia na wao ni raia.

Weeee. Askofu mkuu McQuaid aliandika waraka ukasomwa kwenye makanisa ya Dublin kwamba sheria ya namna hiyo itakuwa laana juu ya nchi. Seneta akaanza kupokea barua za matusi, akasemwa mpaka kanisani kwao Ballina wazazi wake wakiwa ndani. Na kumbuka ndo kwanza ameolewa, Desemba 1970, na Mprotestanti, harusi ambayo wazazi wake hawakuhudhuria. Mtu anapigwa nje na ndani kwa mpigo.

Mwezi Mei mwaka huo huo kina mama wa kundi la ukombozi wa wanawake wakapanda treni Dublin mpaka Belfast, ambako ni mamlaka ya Uingereza na vitu vinauzwa, wakanunua wakarudi navyo wakiwaonyesha watu wa forodha waziwazi na hakuna aliyekamatwa. Robinson hakupanda hiyo treni. Watu wengine humlaumu kwa hilo, mi naona kila mtu ana silaha yake, ya kwake ilikuwa kusimama bungeni na vifungu.

Kuna kitu kinaitwa kusomwa mara ya kwanza, mnakijua, ni taratibu tu, mswada unaruhusiwa uchapwe watu wausome ndo mjadala uje baadae. Julai 1971 Seanad ikaunyima hata hiyo, kura 25 kwa 14. Yani wamekataa usichapwe! Hawakutaka kuujadili kwa sababu wakiujadili lazima mtu asimame atoe sababu, na sababu zenyewe hazikuwepo zaidi ya mzee kasema. Nyie mnaita kushindwa, mi naita kuwaumbua.

Akarudi tena 1973 na mswada mwingine. Mwezi Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya mama mmoja anaitwa McGee, ana watoto wanne, mimba nyingine ingehatarisha maisha yake, dawa aliyoagiza ikashikwa forodhani, mahakama ikasema hapana, wanandoa wana faragha yao, kifungu kile cha sheria ya 1935 kinakiuka katiba. Sasa serikali ikabidi nayo ilete mswada wake, na hapa ndo kichekesho cha mwaka, Julai 1974 waziri mkuu mwenyewe Liam Cosgrave akanyanyuka akapiga kura kuupinga mswada wa serikali yake, bila hata kuwaambia mawaziri wake, ukaanguka. Hayo yalitokea bunge la chini lakini mjadala ni ule ule aliouanzisha binti wa miaka 20 na kitu kwenye baraza lisilo na meno.

Baadae ikaja sheria ya 1979 ya Charles Haughey, unapata kwa cheti cha daktari tu, hata kondomu, hahaha kondomu kwa cheti. 1985 wakalegeza, mwenye miaka 18 na kuendelea anunue bila cheti, bunge la chini ikapita kwa kura 83 kwa 80. Halafu 1993 wakalegeza zaidi kondomu zikawa bidhaa kama bidhaa nyingine, na sheria hiyo ikapelekwa kwa rais isainiwe, na rais ni nani? Ni huyo huyo. Miaka 22 tangu wakatae hata kuuchapa mswada wake. Hili tu lingetosha makala nzima mhariri.

Kitu kingine ambacho hamkukigusa, alikuwa anatembea na miguu miwili, bunge na mahakama. Kikikwama huku anahamia huku. Mfano kesi ya Airey, mwanamke wa Cork mwenye mume mgomvi anataka kutengana nae kisheria, talaka hakuna maana katiba ya 1937 ilipiga marufuku, kutengana lazima uende Mahakama Kuu na hela ya wakili hana, msaada wa kisheria kwa kesi za madai nchi haina. Robinson alikuwa wakili wake mpaka Strasbourg, na 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema haki ambayo maskini hawezi kuifikia si haki ya kweli (mimi nimefupisha). Mwaka uliofuata Ayalandi ikaanzisha msaada wa kisheria. Vile vile alimsimamia David Norris kwenye kesi iliyoshinda Strasbourg 1988 dhidi ya sheria zilizofanya mapenzi ya wanaume kuwa jinai, na sheria yenyewe ikabadilishwa 1993, saini ni ya nani tena, rais Robinson. Norris nae alikuwa seneta wa Trinity, alikaa humo tangu 1987 mpaka 2024, na kwa taarifa yenu alizaliwa Léopoldville, yani Kinshasa ya leo.

Na 1983 walipotaka kuweka kwenye katiba kwamba uhai wa mama na wa aliye tumboni ni sawa, alikuwa upande wa waliosema maneno hayo ni mabovu, daktari na jaji watayatafsiri vipi mama akiwa hatarini? Wananchi wakayapitisha kwa theluthi mbili. 2018 wananchi wakayafuta, tena kwa karibu theluthi mbili. Uwe unakubali kutoa mimba au hukubali, hilo ni lako, ila hoja ya maneno kuwa mabovu ilikuja kuwafika kwenye kesi ya 1992 ya binti wa miaka 14 aliyebakwa akapata mimba, nchi nzima ikahangaika.

Simpambi. Kile kiti kilikuwa cha wasomi, wapiga kura wake walikuwa na digrii, hawakumtisha na mapadri. Alipojaribu kwenda kwa wananchi wa kawaida, ubunge wa 1977 na wa 1981, alipigwa chini mara zote mbili. Na chama cha Labour alichojiunga nacho 1976 alikihama 1985 kwa sababu ya mkataba wa Uingereza na Ayalandi, akisema wale wa Ayalandi Kaskazini wanaotaka kubaki Uingereza hawakushirikishwa. Kwa hiyo ujasiri wake ulikuwa na mto wa kukalia. Ila wangapi wana mto na bado wanasinzia.

Hata hiyo kazi yake ya Maziwa Makuu mngeielewa vizuri kama mngeanzia seneti. Alivyoteuliwa 2013 marais walikuwa wameshasaini mkataba wao wa amani kule Addis, yeye Julai akaenda Bujumbura kukaa na wanawake wa ukanda huu ambao hawakusaini kitu chochote. Hiyo tabia hakuitoa Ikulu.

Ombi langu mhariri, makala ikirudiwa ule mstari wa "miswada haikupita" uondoke, na nafasi mkiipata wekeni ile kesi ya Airey yote. Wanawake wa kwetu wanaoambiwa lete hela ya wakili kwanza watawaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa.

Ni mimi msomaji wenu, Dublin.