Mafunzo ya uokoaji yaanze na nyayo

Mhariri,

Mtu akipotea msitu wa Mlima Rungwe, kijiji kizima huingia porini kwa pamoja, na nyayo zake zinafutika kabla hazijasomwa. Mafunzo ya awali kwa vijana wa kata yaanzie hapo: pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, zungushieni kamba mahali alipoonekana mara ya mwisho, kisha wawili wawili wafuate vijito na vijia. Kila hatua 100, filimbi mara tatu, halafu kimya cha dakika nzima. Wengi huita bila kusikiliza!

Akipatikana anatetemeka, mvueni kwanza nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi kavu, kichwa pia, na mtandikieni nyingine chini, maana ardhi hunyonya joto. Msimsugue, wala msimpe pombe.

Mdau wa uokoaji,
Tukuyu