Mnaotuachisha nyama, semeni na habari ya B12

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Siku hizi ukifungua WhatsApp hukosi mtu anahimiza watu waache nyama, mayai, maziwa, dagaa, kila kitu cha mnyama, wale vya mimea tupu. Sina ugomvi na hilo, maharage, kunde, choroko, mchicha, ufuta ni chakula kizuri na bei yake tunaiweza. Kinachoniuma ni kwamba ukiwauliza vitamini B12 itatoka wapi wanakujibu mchicha una kila kitu. Jamani hauna! B12 inatengenezwa na bakteria na sisi tunaipata kwenye vyakula vya wanyama, au vilivyoongezewa B12 kiwandani, au vidonge. Hata ile spirulina, unga wa mwani wanaowauzia watu, kilichomo kwa sehemu kubwa kinafanana tu na B12, mwilini hakifanyi kazi.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini linatunza akiba ya miaka kadhaa, ndo maana mtu anaacha nyama mwaka wa kwanza yuko fiti kabisa anatoa ushuhuda, halafu baadaye ndo inakuja ganzi, uchovu, kusahausahau.

Sasa watu wa sukari nawaomba mnisikilize hapa. Wengi wanaoachishwa nyama ni nyinyi, na wengi wenu mnameza metformini, dawa ya kushusha sukari, ambayo ukiitumia muda mrefu nayo inapunguza B12. Mama yangu mdogo ilifika mahali anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili maana vidole havisikii, miguuni anakanyaga sakafu anaona kama kavaa soksi, na nyumbani wote tunasema ni sukari hiyo, akazidi kujibana kwenye chakula. Alipopimwa B12 ilikuwa chini sana, akaanzishiwa sindano. Vidole vimerudi, nyayo bado, maana neva, yaani mishipa ya fahamu, zikikaa muda mrefu bila hiyo vitamini zingine hazirudi tena. Na mboga za majani zina foleti nyingi, vitamini nyingine ya damu, hiyo inaweza kufanya kipimo cha wingi wa damu kionekane kizuri huku neva zinaendelea kuumia, kwa hiyo usiambiwe damu ipo ukaridhika.

Wanaonyonyesha ndo kabisa, mama akiwa hana B12 na maziwa yake yanakuwa nayo kidogo, mtoto analegea na kuchelewa kukua.

Madini ya chuma yana nafuu, kamulia ndimu kwenye mboga na chai usinywe pamoja na chakula, isogeze kama saa moja hivi. B12 haina ujanja wa jikoni, kwa asiyekula vya wanyama ni vyakula vilivyoongezewa, vidonge au sindano, dozi daktari atakwambia.

Naomba gazeti liwaite wataalamu wa lishe waliandike hili vizuri kwenye ukurasa wa afya. Na wewe mwenye sukari unayesikia ganzi, ukienda kliniki uliza kipimo cha B12, kitaje kwa jina.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam