Risala ya Klabu ya Umoja wa Mataifa kwa Mheshimiwa Balozi, Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Balozi, Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa klabu yetu, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Muhula huu tumechunguza jinsi mataifa yanavyoanzisha uhusiano wa kibalozi na nchi iliyopata uhuru baada ya vita, na tumeichagua jirani yetu Sudan Kusini, kwa kuwa mkataba uliompa mwananchi wa kusini haki ya kupiga kura ya maoni kuhusu kujitenga na Sudan ulitiwa saini hapa kwetu Nairobi, tarehe 9 Januari 2005, baada ya mazungumzo marefu ya Machakos na Naivasha yaliyosimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kulitambua taifa ni tamko ambalo serikali yaweza kulitoa peke yake. Uhusiano wa kibalozi, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1961, unahitaji ridhaa ya pande zote mbili, na wewe mwenyewe wajua kwamba balozi hafungi safari kabla nchi mwenyeji haijamkubali.

Katika yote tuliyosoma, lililotushangaza zaidi ni kwamba serikali ya kwanza kuitambua Sudan Kusini ilikuwa ile ya Khartoum, yaani serikali ya Sudan yenyewe, ambayo jeshi lake lilipigana na wapiganaji wa kusini tangu 1983. Ilitoa tamko hilo siku moja kabla ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, na Rais Omar al-Bashir akahudhuria sherehe mjini Juba. Tarehe 14 Julai Umoja wa Mataifa uliipokea nchi hiyo kuwa mwanachama wa 193. Kwa maoni yetu, tamko la Khartoum lilikuwa na uzito kuliko pongezi zote zilizotoka mbali, maana aliyekuwa na sababu ya kupinga ndiye aliyetangulia kukubali.

Hata hivyo, mpaka ulikuwa bado na utata, eneo la Abyei lililo mpakani liligombaniwa, na mafuta ya kusini yalitegemea mabomba ya kaskazini kufika Port Sudan. Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji kwa sababu ya mzozo wa ada za kuyasafirisha. Aprili majeshi yakapigana Heglig, eneo la mafuta mpakani. Septemba pande hizo mbili zikatia saini mapatano mjini Addis Ababa. Miezi hiyo ndiyo tuliyoijadili kwa ukali zaidi klabuni, na baadhi yetu bado hawajaridhika na majibu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba utueleze jinsi balozi anavyoendelea na kazi pale serikali yake na serikali mwenyeji zinapokaribia kupigana. Tunaomba pia utusaidie kuwasiliana na shule moja ya Juba, ili tuandikiane barua na wanafunzi wake.

Tunaomba kuwasilisha.